Uji Usiooshwa

Mpimaji Chihoma aliushika mkono wa Foibe kama mtu anayekagua kuku mnadani, akaugeuza, akamulika taa ya bluu chini ya kifundo, pale ilipopandikizwa shanga miaka sita iliyopita; huu ulikuwa ukaguzi wa kwanza tangu siku ile. Wazee wote waliotangulia asubuhi ile mbele ya zahanati ya Chisegu, shanga zao zilikuwa zimeng'aa wekundu ulioiva chini ya ngozi. Ya Foibe ilikuwa nyeupe pe, kama siku ilipotiwa.

"Rudia," alisema Damari.

"Nimerudia mara tatu, mama. Ukitaka ya nne, nenda kanunue taa yako."

Damari alikuwa mkwe wa Foibe, mjane wa mwanawe, na jina lake ndilo lililoandikwa katika daftari la serikali kuwa mlishaji wa bibi huyu. Kila mzee alikuwa na mlishaji wake. Kila Jumatatu kwa miaka sita Damari alikuwa amepanga foleni, akapokea kilo tatu za mtama wa kinga, akazibeba hadi nyumbani na kuzitua mlangoni kwa mama mkwe wake. Hakuwahi kukosa hata wiki moja, hata ile wiki aliyomzika mumewe. Sasa shanga ile nyeupe ilikuwa inautangazia umma kwamba hakupeleka hata punje.

Na mtama aliujua kuliko wote waliokuwa pale. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha vipimo cha kituo cha mbegu, ambako alishinda akisaga punje na kupima polifenoli, kemikali za ukakasi zilizomo kwenye ganda. Wageni wa kituo aliwaeleza mara mia: ule ukakasi unaokausha ulimi ndio dawa yenyewe. Mmea huutengeneza ili ndege wauteme. Watu wa mbegu walikuwa wameuzidisha mara arobaini, wakaurekebisha ili tumbo liuvunje vipande vidogo vinavyopenya hadi ubongoni, na huko vikazuia protini mbovu zisigandane. Zikigandana, ndiyo Mfuto. Kabla ya mtama huu, Mfuto ulikuwa umebeba nusu ya wazee wa nchi. Mtu alitoka kwenda kuteka maji akasahau mlango wa nyumba yake, kisha akasahau majina ya wanawe, mwisho akasahau jinsi ya kumeza. Anayekula kinga kila siku Mfuto haumwingii, na damu yake huitia shanga rangi. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo.

Chihoma alimwinamia bibi. "Mama Foibe, mwanao Ndahani yuko wapi?"

"Ameenda mnadani na mbuzi wawili. Jioni atakuwa amerudi."

Foleni nzima iliguna. Ndahani alikuwa na miaka minne kaburini.

"Mmesikia?" Penina, dada wa marehemu, alijitoa kwenye foleni akiwa amefunga kanga kiunoni tayari kwa ugomvi. "Mama yangu anakwisha hivi hivi tunamtazama! Wifi, mtama wa mama uliupeleka wapi?"

"Niliupeleka nyumbani. Muulize mwenyewe."

Chihoma akamuuliza. Foibe aliinua kichwa, akamtazama mkwewe, na yale macho yaliyokuwa yanazurura yakatulia, yakawa makali.

"Huyu? Huyu hajaniletea kitu. Ananinyima. Anangoja nife achukue nyumba."

Damari alitafuta uongo katika uso ule, maana uongo angeujibu. Hakuuona. Bibi alikuwa anaamini kila neno.

*

Sheria ilikuwa na sababu mbili tu za shanga nyeupe, na Chihoma alimsomea zote mbili palepale kwenye ngazi za zahanati. Ama mlishaji amenyima kinga, ama mzee ameiharibu. Aliyenyima huadhibiwa, na adhabu huchaguliwa na mzee mwenyewe: ahamishwe wilaya na watoto wabaki kwa ukoo, au afungwe jiko, yaani avae bangili ya ukaguzi na kumlisha mzee yule kwa mkono wake hadi kifo cha mmoja wao. Mzee aliyeharibu hukatiwa mgao moja kwa moja. Mtama ulikuwa haba, na waliokuwa wanangoja nafasi walikuwa mamia.

"Una siku saba," alisema Chihoma. "Kama kuna jambo silijui, nililetee. Kama hakuna, mfungie mwanao mizigo yake ya kwa shangazi."

Mwanawe huyo ni Yunesi, mwenye miaka tisa, wa pekee. Damari alifika nyumbani hajui alikopita.

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe ndefu ya kale, paa lake la udongo limetandikwa vioo vya jua, na ndani yake waliishi wanawake wawili wasiosalimiana. Kila mmoja alikuwa na jiko lake, moja mashariki moja magharibi. Chanzo cha uhasama kilikuwa kikongwe kuliko mtoto. Siku ya kwanza Damari alipoletwa kama bibi harusi, alikuwa na mimba changa na kichefuchefu, na mama mkwe alipomwekea bakuli la uji akalisukuma kando bila kuonja. Foibe alisema mbele ya wageni wote: "Mwanamke anayekiogopa chakula changu ananiita mchawi." Damari naye, kijana na mwenye ulimi, akamjibu kwamba neno hilo la mchawi hakulisema yeye. Tangu hapo hawakuwahi kula chungu kimoja. Damari alikula kituoni, na usiku alipika vyake. Akufukuzaye hakuambii toka, alizoea kujisemea, na jibu lake lilikuwa kutotoka wala kuingia.

Sasa aliingia. Alivuka hadi jiko la mashariki, akaikuta sufuria ya uji wa asubuhi ikiwa na mabaki chini. Alitaka ushahidi. Alikuwa na hakika kwamba shanga ndiyo mbovu, na kwamba uji huu ungekausha ulimi wake kama unavyokausha ulimi kila mtama anaousaga kazini. Akachota kwa kidole, akalamba.

Uji ulikuwa mtamu.

Akachota tena. Ulikuwa laini, mweupe kidogo, hauna ukakasi hata chembe. Uji wa kumpa mtoto mchanga. Damari alisimama na kidole mdomoni, akili yake ya chumba cha vipimo ikimtajia jawabu kabla hajalitaka. Alizunguka nyuma ya kihenge, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu aolewe, akakuta mtungi umefunikwa kwa ungo. Ndani mtama wa kinga ulikuwa umelowekwa katika maji ya majivu. Maji yalikuwa meusi kama wino. Dawa yote ilikuwa mle, ikingoja kumwagwa.

Majivu yalipigwa marufuku tangu mgao wa kwanza. Wanawake waliitwa uwanjani, wakaonyeshwa, wakaambiwa mtama huu hauloweki na hauoshwi. Foibe alikuwepo na aliitikia kwa kichwa kama wenzake. Kisha, inaelekea, alirudi nyumbani akafanya kama mama yake alivyomfunza, kwa sababu Chisegu mtama mwekundu usiooshwa ni wa kutengenezea pombe. Uji wake hupewa mgeni mmoja tu, yule unayetaka aondoke na asirudi. Serikali gani ingemfundisha Foibe kujiwekea bakuli la namna hiyo?

Na Damari angalionja mara moja tu, katika miaka sita! Kijiko kimoja. Aliuchukia uji ule kwa bidii kiasi kwamba hakujua una ladha gani.

"Unatafuta nini kwenye vitu vyangu?" Foibe alikuwa amesimama mlangoni na fimbo.

"Mama, majivu haya ni ya nini?"

"Majivu gani?"

"Haya! Umeweka mwenyewe. Umekuwa ukiosha dawa yako, mama, miaka sita unaiosha na kuimwaga!"

Bibi alichungulia mtungini kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama picha ya watu asiowajua. "Hayo umeyatia wewe," alisema hatimaye. "Kumbe ni sumu unanitilia." Na fimbo ikampata Damari begani.

Kesho yake alfajiri Damari alijibanza nyuma ya ukuta, akashuhudia mikono ya mama mkwe wake ikimwaga maji meusi, ikisuuza mara tatu, ikitia majivu mapya juu ya mtama mwingine. Mikono ilikumbuka. Mwenye mikono alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, na alipoulizwa baada ya saa moja aliapa kwa Mungu hajagusa majivu tangu ujana wake.

*

"Mbukwa," Damari alimsalimu Chihoma kwa Kigogo, akiwa amesimama mlangoni pa ofisi yake.

"Mbukwa. Umekuja na jambo au na machozi?"

"Nikija na ushahidi kwamba mzee aliharibu mwenyewe, bila kujua anachofanya?"

"Sheria haiulizi kujua." Chihoma alifunga mlango. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyechoka kubagua nani akumbuke na nani asahau. "Leta chombo, nitakipima, utakuwa huru siku hiyo hiyo. Jina lake litafutwa kwenye mgao jioni."

"Na akifutwa?"

"Wewe ndiye mtaalamu. Ameanza tu. Akipata kinga halisi leo, ugonjwa unasimama hapo ulipo. Asipoipata, mwaka mmoja. Pengine usifike."

"Na mimi nikinyamaza?"

Chihoma alimtazama kama anayetazama mtu aliyepanda juu ya paa bila ngazi. "Ukinyamaza, anakuchagulia adhabu mwanamke ambaye kijiji kizima kinajua anakuchukia. Atakuhamisha, mtoto utamwacha, na uji ataendelea kuupika yeye. Utakuwa umepoteza vyote na hujaokoa kitu. Usiwe mjinga, binti yangu. Leta chombo."

Ushauri ulikuwa mzuri na Damari aliukubali. Hakumpenda Foibe. Mwanamke yule alimwita mchawi, alimwita tasa wa wana wa kiume, na kaburini kwa Ndahani alisema kwa sauti kwamba mwanawe aliuawa na kisirani cha mkewe. Kwa mwanamke kama huyo utoe mtoto wako? Siku ya saba Damari aliufunga mtungi kwa kanga, akautia kikapuni, akaubeba hadi uwanja wa baraza na kuuweka miguuni pake.

Baraza lilijaa. Chihoma aliketi katikati na daftari. Penina alikuwa amemshika Yunesi mkono tayari, kama aliyekwisha kabidhiwa. Foibe aliwekewa kiti.

"Mama Foibe, mwanamke huyu unamfahamu?"

"Nitamsahau vipi?" Sauti ya bibi ilikuwa imara. Mfuto ulikuwa umekila kifo cha mwanawe akilini, ukaula mwaka huu na uliopita, lakini hapa haukuwa umefika. "Alikuja kwangu siku ya Jumamosi, amevaa gauni la njano. Mwaka ule wa njaa, mnaukumbuka? Nafaka nzuri haikuwepo, ulikuwepo mtama mwekundu tu. Watu walikula hivyo hivyo na ukali wake. Mimi nikasema, hapana, mke wa mwanangu hatapewa uji wa kufukuzwa. Nikachoma kuni zangu za wiki nzima nipate majivu. Nikauosha mtama, nikausuuza, nikauosha tena, siku mbili, mikono ikanichubuka. Nikapika. Nikamwekea bakuli langu mwenyewe. Naye," Foibe alinyoosha kidole, "akalisukuma. Hakuonja. Mbele ya ndugu zangu."

Watu walitikisa vichwa; lilikuwa jambo la miaka kumi iliyopita, kabla ya kinga na sheria zake, na hakuna aliyeona lina uhusiano gani na kesi. Damari aliona. Alihisi uso wake ukiwaka. Miaka yote ile alidhani alikataa uji wa mwanamke mwenye gubu. Hakuna aliyemwambia habari za kuni wala mikono, naye hakuuliza.

"Mlishaji," Chihoma aliita, na macho yake yakashuka waziwazi hadi kwenye kikapu. "Una cha kujitetea?"

Mguu wa Damari uligusa mtungi. Neno moja tu lilitosha. Alimtazama Yunesi, akamtazama yule bibi mkaidi aliyekuwa anamkodolea macho ya chuki, akajua kwamba akilitamka neno hilo, mwakani chuki yenyewe itakuwa imekwisha, na bibi atakuwa anamezeshwa maji kwa pamba. Ushindi wa namna hiyo ulimtia kinyaa. Alikasirika pia, alimkasirikia bibi kwa kusema habari ya kuni leo, siku hii, badala ya miaka kumi nyuma.

"Sina," alisema.

"Fikiri vizuri."

"Nilimnyima. Andika."

Uwanja ulilipuka. Penina alipiga vigelegele. Chihoma alifunga macho kidogo, kisha akageukia kiti cha bibi. "Mama Foibe, adhabu ni yako. Ahamishwe, au afungwe jiko?"

"Ahamishwe!" Penina alidakia. "Mama, sema ahamishwe, mtoto tutamlea sisi!"

Foibe alitafuna midomo yake. Damari hakuomba; alijua bibi akimwona anaogopa kuhamishwa, ndicho atakachochagua.

"Ahamishwe aende wapi?" bibi alisema. "Akapumzike? Akakae mjini kwenye kivuli, amenitupa hapa? Hapana. Afungwe jiko. Anipikie, anifulie, anilishe kwa mkono wake, nami nimwangalie kila siku anavyoteseka. Hiyo ndiyo yangu."

Damari aliinama akakiinua kikapu. Njiani, kwenye korongo, aliupiga mtungi ule kwenye jiwe.

*

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba litakutemea uji usoni mara tatu kwa siku.

Bangili ya chuma ilikaa mkono wa kulia wa Damari. Kila asubuhi alisaga mtama wa kinga na maganda yake, akaupika, uji ukatoka mwekundu na mzito, wenye ukakasi wa kuvuta mashavu. Alionja kwanza yeye, kila mara, kisha akampelekea Foibe bakuli, na Foibe akajua ni uji gani. Uji wa kufukuzwa. Ndani ya nyumba yake, kutoka kwa mkwe wake.

"Unanifukuza kwangu!" Bakuli la kwanza lilivunjwa ukutani. La pili pia. Bibi alifunga mdomo, alipiga, aliuma. Damari alijifunza kumshika kidevu kwa mkono mmoja na kuingiza kijiko kwa mwingine, akiulaani ukaidi ule na kuulisha papo hapo. Majirani walisikia mayowe wakasema, mwacheni, ndiyo adhabu yake. Yunesi alisikia pia. Kwa miezi miwili ya mwanzo alikuwa anakwenda kulala kwa shangazi yake, na aliporudi alimsalimia bibi kwanza.

Mwezi wa nane wa adhabu Chihoma alikuja na taa yake. Shanga ilikuwa nyekundu. Alimuuliza bibi maswali yake, akaandika, kisha akamvuta Damari kando ya kihenge.

"Umesimama. Mfuto umesimama kabisa. Alichobaki nacho leo atakufa nacho, hata akifika miaka mia."

"Na vilivyokwisha futika?"

"Havirudi. Unajua haviwezi kurudi."

Damari alijua. Ndahani ataendelea kuwa mnadani kila jioni. Majivu yamekwenda, hayatakumbukwa milele, na kilichobaki salama ndani ya kichwa kile, kikilindwa kijiko kwa kijiko, ni siku ya shanga nyeupe na jina la aliyenyima.

Jioni hiyo alimkuta Yunesi amekaa miguuni pa bibi. Bakuli lilikuwa nusu. Foibe alikuwa anasimulia, na siku hizi alisimulia vizuri, bila kupotea, akitaja na rangi ya kanga aliyovaa kila mtu.

"Mama yako huyu," bibi alisema bila kupunguza sauti, "alikuwa anachukua mtama wangu, mimi nakufa na njaa ya akili. Miaka sita. Kiapo cha Mungu. Mwangalie anavyonitazama."

Yunesi aligeuka. Alikuwa amekaribia miaka kumi sasa, umri wa kuuliza jambo mara moja na kulishika jibu maisha yote.

"Mama, ni kweli ulimnyima bibi?"

Mlango ulikuwa wazi. Ukoo wote wa Penina ulikuwa ng'ambo ya ua, na mtoto hana mfuniko. Angejua leo, kesho shule nzima ingejua, na Jumatatu jina la Foibe lisingesomwa kwenye foleni ya mgao. Damari alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akachota uji, akaonja, akachota tena.

"Ni kweli," alimwambia mwanawe. "Fungua mdomo, mama."